Mwongozo kamili wa kumfundisha mtoto kufunga mafundo, kuanzia kamba ya tisheti mpaka wavu wa chupa

Nimechoka kupokea picha ya aina moja. Mzazi ananitumia kamba iliyojiviringa kama tambi za jana, chini kaandika "dada tumejaribu imegoma, mtoto analia". Nikiuliza maswali mawili matatu nakuta mambo ni yale yale: kamba ni nyembamba na inateleza, mzazi kakaa anatazamana na mtoto, alafu wameanza na fundo gumu kwa sababu ndo walilolipenda YouTube. Mtoto hana kosa hapo, hata mtu mzima ukimpa uzi wa kuteleza na mwalimu anayefanya kinyumenyume atashindwa.

Mi Jumamosi nakaa na watoto sita saba barazani kwangu Tanga, wa miaka 5 mpaka 11, tunafunga mafundo kwenye mkeka. Hiki ninachoandika ndo mpangilio uliobaki baada ya kukosea sana. Ufuate kwa mtiririko wake, usiruke hatua.

## Andaa hivi vitu kwanza

Kamba nene ya pamba. Unene kama kidole cha mwisho cha mtoto, yaani milimita 6 mpaka 8. Kila mtoto apate vipande viwili vya mita 1, na viwe vya rangi mbili tofauti. Hapa wengi wananibishia, wanasema rangi si muhimu, alafu wakifika hatua ya 4 wanakwama. Rangi mbili ndo zinamfanya mtoto aone nani kapita juu na nani kapita chini, kamba za rangi moja zikishakutana katikati hata we mwenyewe hujui ipi ni ipi.

Huna hela ya kamba? Tisheti. Chukua tisheti ya pamba iliyochakaa, ilaze chini, kata kuanzia chini ya kwapa kushuka, vipande vya upana wa vidole vitatu, kutoka ubavu mmoja mpaka wa pili. Kila kipande kitatoka kama pete kubwa. Kata hiyo pete sehemu moja, shika ncha mbili, vuta kwa nguvu. Kitambaa kitajikunja chenyewe kiwe kamba ya duara, laini, haitelezi, haiumizi mkono. Tisheti moja ya mtu mzima inatoa kamba za watoto watano bila shida. Tafuta tisheti mbili za rangi tofauti umemaliza kazi.

Selotepu. Ya kuzungushia ncha. Ncha ikifumuka mtoto anahangaika kuipenyeza, anadhani kashindwa fundo kumbe kashindwa na nyuzi.

Vingine ni mkasi (wa mkubwa), mchi wa kinu au mguu wa kigoda, na kiatu cha shule cha kamba. Kwa kazi ya mwisho utahitaji mita 8 za uzi mnene wa pamba wa kama milimita 3, kiberiti cha boksi (cha kupimia tu), na chupa ya maji ya lita 1.5.

Usinunue kamba ya nailoni ya kufungia mizigo. Inateleza, fundo halikai, na mtoto akivuta kwa nguvu inamchana kiganja. Na katani, pamoja na kwamba sisi watu wa Tanga ndo kwetu, kamba yake ina vinywele vinavyochoma, mtoto wa miaka 6 atakuambia hataki tena. Iache mpaka wazoee.

## Sheria za usalama, hizi hazina mjadala

Kamba haiendi shingoni, ya mtu wala ya mnyama, hata kwa utani, hata dakika moja. Hakuna kumfunga mwenzio mikono au miguu. Hakuna kuzungusha kamba kwenye kidole na kukaza, damu inazibwa haraka kuliko unavyodhani na fundo likishakaza kwenye kidole kilichovimba ni kazi kulitoa.

Watoto chini ya miaka 3 wasiachiwe kamba kabisa. Na mkimaliza zinahesabiwa, zinarudi kwenye mfuko, mfuko unawekwa juu. Mi nahesabu kwa sauti mbele yao, imekuwa sehemu ya mchezo, na ikipungua moja hakuna anayeondoka barazani.

## Kaa upande sahihi wa mtoto

Hii peke yake inatibu nusu ya malalamiko ninayopata.

Ukikaa mnatazamana, kulia kwako ni kushoto kwake. Unamwambia "pitisha hivi" anakuiga alivyokuona, anatoka na fundo la kinyume, unamwambia kakosea. Hajakosea, kaiga vizuri kabisa. Kwahiyo kaa pembeni yake, bega kwa bega, wote mnatazama upande mmoja, kamba zenu zimelala sakafuni mbele yenu. Sakafuni au mezani, si hewani, kwa sababu kamba ikiwa hewani mikono miwili yote inakuwa na kazi ya kuishikilia na hakuna mkono wa kufunga.

Isipokuwa mtoto anayetumia mkono wa kushoto na we unatumia wa kulia. Huyo ndo utazamane naye, akuone kama kwenye kioo. Nilikuwa na binti mmoja nimehangaika naye wiki tatu, naona kabisa ni mwerevu ila mafundo hapana, siku moja nikachoka nikakaa mbele yake badala ya pembeni, kafunga mara ya kwanza. Nilijisikia vibaya, wiki tatu zote nilikuwa namlazimisha mikono yake iende isikozoea.

Na jambo moja la mwisho kabla ya kuanza: mikono yako isiguse kamba yake. Una kamba yako, fanya kwenye yako, rudia mara kumi ikibidi. Ukimshikia na kumalizia, kinachojifunza ni mkono wako.

## Hatua ya 1: Majina matatu

Usianze na fundo. Anza na maneno, maana ukisema "ingiza hii huku" mtoto hajui "hii" ni ipi.

Ncha ni ule mwisho unaotembea. Shina ni ile sehemu ndefu iliyotulia. Kitanzi ni duara linalotokea ncha ikivuka shina.

Wape dakika tano za kuchora na kamba chini: konokono, namba, herufi ya kwanza ya jina lao. Huku unauliza, ncha iko wapi? Shina liko wapi? Inaonekana kama mchezo tu lakini unapima kitu, unaangalia kama mtoto anaweza kutofautisha "juu" na "chini" ya kamba. Mwambie ncha ipite juu ya shina, kisha mwambie ipite chini. Asipoweza hapa hataweza mbele, kaeni hapa hapa hata siku mbili.

Umefanikiwa: ukisema "ncha juu ya shina" anafanya bila kukutazama usoni kuuliza.

## Hatua ya 2: Fundo la kawaida, na kulifungua

Ncha ivuke juu ya shina, kitanzi kitokee. Ncha iingie ndani ya kitanzi kutokea nyuma, itokeze mbele. Vuta taratibu. Basi. Wa miaka 4 au 5 wengi wanaliweza siku hiyo hiyo.

Kosa la kawaida ni kuvuta haraka kabla ncha haijatokeza vizuri, kamba inarudi tupu. Ncha itokeze urefu wa kiganja ndo avute.

Alafu sasa afungue. Watu wanaruka hii na ndo maana nyumba zina kamba zilizokatwakatwa. Mfundishe kwamba fundo linafunguliwa kwa kusukuma, halifunguliwi kwa kuvuta. Asukume shina na ncha ziingie ndani ya fundo, huku analivunjavunja kwa vidole kama anavunja kipande cha mhogo uliochemshwa, likilegea kidogo ndo aingize kidole. Likigoma tumia mpini wa kijiko chembamba. Usililoweshe, pamba ikilowa inavimba na fundo linazidi kukaza. Na usilivute kwa meno, namwambia hivyo kila mtu na kila Jumamosi kuna mmoja namkuta kang'ata.

Umefanikiwa: anafunga matano mfululizo kwenye kamba moja na kuyafungua yote peke yake. Mi nawaambia kila aliyefungua yote anapata haki ya kulipa fundo lake jina. Tuna "fundo la bibi", "fundo la chapati", na moja linaitwa "fundo la hesabu" kwa sababu mwenye nalo alisema linaumiza kichwa.

## Hatua ya 3: Fundo la nane

Hili ni jepesi ila lina kazi kubwa, linamfundisha mtoto kusubiri. Ncha ivuke juu ya shina kama mwanzo, ila isiingie kwenye kitanzi haraka, kwanza izunguke nyuma ya shina itokee upande wa pili, ndo iingie kwenye kitanzi kutokea mbele.

Kabla ya kukaza lilaze chini mtazame: linaonekana namba 8 kabisa. Likionekana duara moja basi kaingiza mapema, karudi kwenye fundo la kawaida.

Matumizi yake ni kuzuia kamba isichomoke kwenye tundu, na uzuri wake ni kwamba hata likivutwa sana linafunguka kirahisi kuliko fundo la kawaida. Endelea.

## Hatua ya 4: Fundo bapa, hapa ndo wengi wanakufa

Hili ndo fundo la kuunganisha ncha mbili, skauti wote wanalijua. Mi naliita bapa kwa sababu likikaa sawa linalala bapa kama sahani. Likikosewa linatoka fundo lingine linalofanana nalo sana, limepinda, na linateleza. Picha nyingi mnazonitumia ni hilo la pili.

Watu wanalifundisha hivi: "kulia juu ya kushoto, kushoto juu ya kulia". Ni sahihi, ila mtoto wa miaka 6 bado anachanganya kulia na kushoto hata kwenye kuvaa ndala, sasa unampa sentensi ambayo ina kulia mbili na kushoto mbili, unategemea nini.

Tumia rangi. Tuseme una nyeupe na nyekundu. Kanuni ni moja tu: nyeupe inapita juu, mara zote mbili.

1. Nyekundu mkono wa kushoto, nyeupe mkono wa kulia.
2. Nyeupe ipite juu ya nyekundu, izunguke chini yake, itokeze juu. Vuta kidogo. Sasa ncha zimehama, nyeupe iko kushoto.
3. Nyeupe tena ipite juu ya nyekundu, izunguke chini yake, itokeze. Vuta pande zote mbili kwa pamoja.

Kosa linatokea namba 3. Mtoto mkono wake wa kulia umezoea kuanza, kwahiyo anashika iliyopo kulia, ambayo sasa ni nyekundu, anaipitisha juu. Hapo fundo limeshaharibika. Ndo maana nilisema rangi mbili, ukiona nyekundu inainuka kwenda juu unasema tu "nani dereva?" anajibu "nyeupe!" anarekebisha mwenyewe.

Umefanikiwa ukiona mambo mawili. La kwanza, kila rangi imerudi kwao: nyeupe ilitoka kulia, ncha yake imelala kulia sambamba na shina lake, nyekundu vivyo hivyo kushoto. Fundo bovu ncha zake zinachomoza pembeni, moja inatazama juu moja inatazama chini, kama masharubu ya kambale. La pili, shika pande zote mbili sukuma kuelekea katikati, fundo zuri linafunguka likawa vitanzi viwili vilivyokumbatiana.

Onyo: hili ni fundo la kufungia kifurushi, bandeji, mdomo wa mfuko. Halifai kuunganisha kamba za bembea au kitu chochote kitakachobeba mtu. Likivutwa vibaya upande mmoja linageuka na kuachia lote. Waambie watoto hivyo hivyo waziwazi, wakishajifunza kitu wanataka kukitumia kila mahali na wa kwanza kufikiria ni bembea kwenye mwembe.

## Hatua ya 5: Kamba za viatu (ambazo kumbe ni hatua ya 4)

Mpwa wangu wa miaka 6 alikuwa anaondoka nyumbani viatu vimefungwa, anafika getini kamba zinaburuza. Kila siku. Mama yake akawa anamfungia mafundo mawili juu ya lile, jioni yanafunguliwa kwa uma. Nikamwambia simama hapa nione. Nikaangalia ule upinde wa kamba, sikio moja linatazama vidole vya miguu, lingine linatazama kisigino. Nikajua.

Fundo la kiatu ni fundo bapa ambalo nusu yake ya pili imefungwa kwa vitanzi badala ya ncha. Kwahiyo ukilikosea unapata lile lile bovu la masharubu ya kambale, na linafunguka. Si maneno yangu tu, mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley walichapisha uchunguzi wa kwanini kamba za viatu zinafunguka zenyewe, walimrekodi mtu anakimbia kwa kamera ya kasi kubwa wakaona mambo mawili yanafanya kazi pamoja: mguu ukigonga chini kishindo kinafika kama mara 7 ya nguvu ya mvutano wa dunia na kinalegeza fundo, huku ncha zinazorukaruka zinavuta kama mkono usioonekana. Ikishaanza kuteleza inafunguka ndani ya hatua chache tu. Na fundo bovu liliachia kirahisi kuliko lile zuri.

Fanya hivi:

Toa kamba ya kiatu, weka kamba mbili za rangi tofauti zilizounganishwa, fundo la kuunganisha liwe chini karibu na vidole, ili upande mmoja utokee mweupe na mwingine mweusi. Kiatu kiwe mapajani kwa mtoto, pua ya kiatu inatazama mbele, kama vile kakivaa. Ukimgeuzia kiatu kimtazame yeye atajifunza kinyume, akivaa hajui aanzie wapi.

Nyeupe juu ya nyeusi, izunguke chini, kaza. Hapa akaze kweli, vidole vya mkono mmoja vinaweza kubonyeza katikati lisirudi.

Sasa kunja kila rangi iwe sikio, masikio mawili ya mbuzi, mafupi, si marefu. Sikio refu linalala na kuteleza mikononi. Sikio jeupe lipite juu ya sikio jeusi, lizunguke chini, litokeze kwenye uwazi, vuta masikio yote mawili kwa pamoja.

Umefanikiwa: masikio yamelala kushoto na kulia ya kiatu, yanakatisha kiatu. Yakilala kwa urefu wa kiatu, moja kwa vidole moja kwa kisigino, kuna mahali nyeusi ilipita juu.

Na kama we mzazi unasoma hapa umeangalia viatu vyako ukakuta yamelala kwa urefu, pole, uko na wengi. Mtu mzima usibadilishe jinsi unavyofunga masikio, mkono umeshazoea hauwezi. Badilisha mwanzo tu, ule msalaba wa kwanza, kama ulikuwa unaanza na kulia juu anza na kushoto juu, basi limekuwa zuri.

Huyu mpwa ilimchukua siku nne. Ya tano alirudi shule saa nane, kavua begi, kanyanyua mguu: "Shangazi ona, toka asubuhi!" Viatu vimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye soksi, masikio yamekaa kama alivyoyaacha.

## Hatua ya 6: Fundo la kigingi

Simamisha mchi ndani ya kinu. Zungusha ncha kwenye mchi mara moja, ikirudi mbele ivuke juu ya shina iwe kama X. Zungusha mara ya pili, alafu ncha ipenyezwe chini ya ule mstari wa mshazari uliotoka kuuzungusha sasa hivi. Vuta ncha na shina.

Umefanikiwa: unaona mistari miwili imelala sambamba na mmoja umekatiza juu yake kwa mshazari. Ukiona X wazi katikati, ncha haijapita chini ya mstari sahihi.

Mtoto mmoja alinambia hilo ndo la babu yake la mbuzi, na kweli wengi wanafungia mbuzi hivyo, ila mbuzi anazunguka zunguka na fundo linazunguka naye linalegea, kwahiyo juu yake inaongezwa mizunguko miwili ya fundo la kawaida kwenye shina. Wafanye hivyo pia.

## Hatua ya 7: Fundo la kaa

Hili ni la mabaharia, linatoa kitanzi ambacho hakijikazi. Ni la miaka 8 kwenda juu, na wakubwa wanalishindwa vilevile, kwahiyo likigoma leo liache mpaka Jumamosi ijayo.

Watoto wa pwani wote wameona kaa akitoka shimoni, kwahiyo hadithi yao ni hii. Kitanzi kidogo ni shimo la kaa. Shina ni mnazi. Ncha ni kaa mwenyewe. Kaa anatoka shimoni kutokea chini, anauzunguka mnazi kwa nyuma, anaona mtu, anarudi shimoni kule kule. Sasa shika ncha yake pamoja na upande wa kitanzi kikubwa, vuta na mnazi uvutwe upande wa pili.

Siri iko kwenye shimo. Unapotengeneza kitanzi kidogo, upande wa ncha uwe juu ya shina, yaani ukitazama, mnazi unaota nyuma ya shimo. Ukiligeuza, mnazi ukawa mbele ya shimo, kaa atafanya safari yake yote vizuri tu na ukivuta fundo linayeyuka huna kitu mkononi. Ndo maana watoto wanasema "nimefanya sawa lakini limepotea". Kweli wamefanya sawa, shimo ndo lilichimbwa nyuma ya mnazi. Kwahiyo kabla kaa hajatoka wanapiga kelele wote: mnazi uko wapi? Nyuma!

Umefanikiwa: kitanzi kikubwa kikivutwa hakipungui. Kivishe kwenye mguu wa kigoda, vuta, pima kwa mkono kama kimebaki kile kile. Ncha ibaki na urefu wa kiganja, ikiwa fupi kaa anateleza anatoka tena.

## Hatua ya 8: Wavu wa chupa ya maji

Sasa ndo sehemu waliyokuwa wanaisubiri, na la kufurahisha ni kwamba inatumia fundo la hatua ya 2 tu. Fundo jepesi kuliko yote, linarudiwa. Tenga saa nzima au zaidi, na kwa wadogo igawe siku mbili.

Kata nyuzi nne za mita 2. Zishike pamoja zikunje katikati, sasa una nyuzi nane za mita 1. Hapo kwenye mkunjo funga zote kwa pamoja fundo la kawaida moja, kubwa, kaza sana. Hiki ni kitako cha wavu. Kikilegea mwisho chupa inapita, kwahiyo hapa mkubwa asaidie kukaza.

Vuta kitako kwenye msumari au kidole gumba cha mguu (cha kwako), nyuzi zitandazwe. Zigawe jozi nne. Kutoka kwenye kitako weka kiberiti kwa urefu wake, ni kama sentimita 5, mwisho wa kiberiti ndo funga fundo la kwanza la jozi. Rudia jozi zote nne.

Hapa fundo litakataa kukaa unapotaka, linateleza kwenda juu. Dawa yake ni kuingiza penseli ndani ya fundo likiwa bado legevu, unalisukuma kwa penseli mpaka mwisho wa kiberiti, unalibana na kidole, unachomoa penseli unakaza. Ukimwonyesha mtoto hiyo penseli mara moja tu huhitaji kusema tena.

Mstari wa pili ndo wavu unazaliwa. Usifunge jozi ile ile. Chukua uzi mmoja kutoka jozi hii na mmoja kutoka jozi jirani, kiberiti kimoja juu, funga. Endelea kuzunguka. Utabaki na uzi mmoja wa mwanzo na mmoja wa mwisho, hao ni majirani pia, wazungushe wakutane, hapo ndo kilicholala bapa kinakuwa mfuko. Watoto wengi wanasahau hawa wawili, wanapata wavu uliofunguka ubavuni kama mlango.

Mstari wa tatu rudisha kwa jirani wa upande wa pili. Wa nne hivyo hivyo, wa tano hivyo hivyo. Kila mistari miwili ingiza chupa uone inavyokaa, usisubiri mwisho. Wavu ukiwa umelegea sana punguza kiberiti, kilaze kwa upana wake. Ukibana chupa haiingii, fungua mstari mmoja tu wa juu, usibomoe wote.

Ikifika kwenye mabega ya chupa acha. Nyuzi nane zilizobaki zikusanye zote, zifunge fundo moja kubwa la pamoja urefu unaomtosha mtoto kuvaa begani, hapana shingoni, begani. Ncha zinazoning'inia zikatwe zilingane.

Jaza chupa maji, ivishe, iinue taratibu juu ya beseni. Ikikaa wima umemaliza. Ikilala upande mmoja kuna jozi ina kiberiti kirefu kuliko wenzake, hesabu mafundo utaliona. Kitako kikiteleza chupa ikadondoka, ongeza fundo la pili juu ya lile la mkunjo, zote nane kwa pamoja, ujaribu tena.

Wiki iliyopita watatu walimaliza, mmoja akaja na lake Jumatatu limebeba embe sita badala ya chupa. Kakata nyuzi za mita 3 na kaongeza jozi mbili bila kuniuliza, na viberiti vyake alitumia viwili kwa mpigo ili matundu yawe makubwa. Embe ndogo moja ilikuwa imeshaanza kuchungulia nje, akawa anairudisha kwa kidole kila hatua.